Nungunungu na Vitufe Visivyosikika

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na nani?

— Pakawa na Kelele na Kimya, wakigombea kigoda kimoja!

Kigoda alikipata nani?

— Sema wewe mwenye kinywa!

Haya, sogeeni. Wewe uliyelala kifudifudi, keti vizuri, hadithi haisikilizwi kwa mgongo. Na kuni hizi mbichi nani kazileta? Moto wenu, moshi wangu. Basi.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na Nyumba ya Maandishi. Aliyenyang'anywa shimo, aliyekanyagiwa watoto, aliyedhulumiwa bwawa, wote walikuja hapo kuandikiwa malalamiko yao yapelekwe kwa mfalme. Nayo yaliandikwa kwa kibodi. Msiniulize wanyama kibodi walizitoa wapi. Walikuwa nazo kabla ya babu zenu.

Nyumba ile ilikuwa na chumba kimoja kirefu. Mkuu wake alikuwa Komba, na macho ya komba mnayajua, hayapatani na jua. Kwa hiyo madirisha yalizibwa, ndani mkawa giza giza. Tena, kwa kuwa malalamiko ni siri ya mwenyewe, kila mwandishi alikaa nyuma ya mkeka uliotundikwa. Humwoni mwenzako, mwenzako hakuoni. Mnajuana kwa masikio.

Mlangoni alikaa Komba. Katikati alikaa Digidigi, mwenye kwato laini na moyo wa kushtuka. Konani kabisa alikaa Nungunungu. Wa nne alikuwa Mzee Fuko, asiyeona, ambaye kazi yake ilikuwa birika. Fuko aligawa chai akipita mkeka kwa mkeka, na kila mkeka aliuliza, "Nani yupo hapa?" Mwandishi hakujibu kwa mdomo. Desturi ya nyumba ile, chai ikipita, anayeandika siri za watu hafungui kinywa. Aligonga vitufe, vitufe vikamjibia, na Fuko akaweka kikombe.

Sasa sikilizeni habari za Nungunungu. Mumewe alikuwa amekufa. Wanawe walikuwa wametawanyika, kila mmoja na shimo lake. Nyumbani kwake alikuwa akipiga chafya, hakuna wa kumwambia "afya". Kutwa nzima neno moja tu aliambiwa kwa jina lake, nalo ni lile la Fuko: "Kunywa, Bi Nungu." Kwa neno hilo aliamka mapema, na kwa neno hilo alikuja kazini hata akiwa na homa.

Lakini kucha zake zilikuwa ndefu, na kibodi yake ilikuwa ya kizamani. Alipoandika ililia kla, kla, kla, naye akaimba moyoni:

*Nipo, nipo, nyuma ya mkeka,*
*naandika ya watu, yangu nimeyaweka.*

Siku moja Komba akamwita.

"Bi Nungunungu, kibodi yako inanitoboa kichwa."

"Nisamehe, Bwana Mkuu."

"Wewe ukigonga, Digidigi anashtuka. Akishtuka, anakosea. Akikosea, mlalamikaji anakosa haki."

"Nisamehe, Bwana Mkuu."

"Kusamehe nimesamehe, kichwa ndicho hakijasamehe. Inyamazishe, au utahamia banda la kuni kule nyuma, uandike peke yako."

Peke yako. Nungunungu alilijua neno hilo. Peke yake alikuwa nayo ya kutosha nyumbani. Hakuhitaji nyingine ya kazini.

Akaenda kwa Fundi Kigong'ota, ndege anayetoboa miti, aliyekuwa na karakana kwenye gogo kavu. Mjue kwamba chini ya kila kitufe pana swichi, kidude chenye springi: ukibonyeza inashuka, ukiachia inapanda, na kelele zote hutoka humo. Kigong'ota alikuwa nazo za kila namna. Na alipokuwa akizungumza hakuacha kugonga gogo, ko-ko-ko-ko.

"Fundi, nataka swichi za kimya."

"Chukua hizi za buluu," ko-ko-ko. "Zibonyeze mwenyewe."

Nungunungu akabonyeza, hakusikia kitu. Akashukuru, akazifunga kwenye kitambaa, akarudi nazo.

Jamani, nani atasikia kitu kwenye karakana ya kigong'ota? Lakini mwenye shida hana masikio, ana matumaini tu. Kesho yake alipoanza kuandika, swichi zile zikalia kli-kli-kli kuliko hata za zamani. Digidigi akaruka mpaka pembe zikanasa kwenye mkeka. Komba akasema, "Bi Nungunungu, banda la kuni linafagiliwa."

Akaenda tena kwa Kigong'ota.

"Fundi, zile zilipiga kelele."

"Basi chukua hizi za kahawia," ko-ko-ko. "Zina kinundu kidogo, kidole kinajua kimefika. Zibonyeze mwenyewe."

Akabonyeza, hakusikia kitu. Ndiyo, amerudia kosa lile lile, msinicheke mimi. Kesho yake kibodi ikalia toko, toko, toko. Kelele zilikuwa zimepungua, lakini upele mdogo nao ni upele. Komba akasema, "Bi Nungunungu, banda la kuni limeshafagiliwa."

Akaenda mara ya tatu. Sasa akili ilikuwa imemrudia.

"Fundi, naomba uache kugonga kidogo nisikilize."

Kigong'ota akamtazama kama aliyeambiwa aache kupumua. "Nikiacha kugonga," akasema, "nitajuaje kama nipo?"

Nungunungu hakulielewa neno lile. Akachukua swichi moja ya kila namna, akashuka nazo bondeni pasipo na ndege wala upepo, akaziweka sikioni, akabonyeza moja baada ya moja. Ya buluu ikalia. Ya kahawia ikalia. Ikabaki nyekundu, iliyowekewa raba ndani, juu na chini. Akaibonyeza, haikulia. Akaibonyeza tena, akasikia damu yake mwenyewe ikitembea sikioni, basi.

"Hizi ndizo," akasema.

Kesho yake akaandika asubuhi nzima, na hakuna aliyejua. Komba akasinzia vizuri. Digidigi hakukosea hata herufi. Mchana Komba akasema kwa sauti, "Naona leo nyumba imekuwa nyumba." Nungunungu akafurahi kimya kimya. Banda la kuni limempita.

Halafu Fuko akaja na birika.

"Nani yupo hapa?"

Nungunungu akagonga vitufe, kama desturi. Havikulia.

"Nani yupo hapa?"

Akagonga kwa kucha zote. Havikulia.

Fuko akainamisha kichwa, akasikiliza. Kisha akageuka na birika lake, na ile harufu ya tangawizi ikaondoka naye.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Labda kimya cha wengine. Cha Nungunungu hakikuwa na mshindo wowote. Siku ya pili Fuko akaja, akauliza, akasikiliza, akageuka. Siku ya tatu akaja, akauliza, akasikiliza, kisha akaenda mlangoni kwa Komba.

"Bwana Mkuu, Bi Nungu ameacha kazi?"

"Nani?" akasema Komba, akiwa na usingizi.

"Wa konani."

"Aa. Ni kweli, simsikii siku hizi. Labda ameacha."

"Kama ameacha," akasema Digidigi kutoka nyuma ya mkeka wake, "kona ile ina ubaridi mzuri. Nitahamia mimi."

Fuko akaliweka birika chini. Akaenda kwenye rafu, akapapasa, akakipata kikombe cha Nungunungu, akakiinamisha mdomo chini. Ndivyo walivyofanya katika nyumba ile mtu akiondoka.

Nungunungu aliyaona yote kwenye tundu la mkeka. Nakuona wewe unataka kuuliza mbona hakusema. Haya, ungekuwa wewe ungesema nini? "Jamani nipo, nipeni chai"? Mtu mzima na wajukuu? Alitaka mmoja wao ainue mkeka. Mmoja tu. Mkeka hauna kufuli. Akakaa, akangoja, akaandika malalamiko ya watu, na moyoni akaimba:

*Nipo, nipo, nyuma ya mkeka,*
*naandika ya watu, yangu nimeyaweka.*

Hakuna aliyeuinua. Jioni wenzake waliagana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake "ya kesho ni ya Mungu", wakashika njia. Yeye akatoka nyuma yao akaenda kwake, akala chakula cha jana. Alilia, ndiyo. Mwiba wa nungunungu unamchoma adui, lakini chozi linamchoma mwenyewe.

Zikapita siku nyingi, na kila siku Digidigi akisema atahamia kesho. Asubuhi moja Fuko alikuwa akipita na birika, na alipofika karibu na kona alikwenda moja kwa moja, hakukata. Akagonga ukuta. Birika likamponyoka, chai ya moto ikammwagikia mguuni. Akaanguka chini karibu na mkeka wa Nungunungu.

"Mzee Fuko," Komba akafoka kutoka mlangoni, "miaka yote hiyo hujaujua ukuta?"

Fuko hakuinuka. Alikaa pale chini akishika mguu, akaanza kusema peke yake, polepole, kama wazee wanavyosema wakidhani hawana msikilizaji.

"Ukuta niliujua kwa yule mama. Nilikuwa nikisikia vitufe vyake, najua hapa kona, hapa nigeuke. Wao waliita kelele. Mimi ndiyo ilikuwa njia yangu." Akapuliza mguu. "Kuondoka si kitu, watu huondoka. Lakini hata kuniaga hakuniaga. Chai yangu yote ile, na hakuniaga."

Nungunungu akaacha kuandika. Kumbe siku zote hizo alizongoja kuulizwa, kulikuwa na mwingine upande wa pili wa mkeka anauguza jeraha lile lile. Akaushika mkeka kwa mikono yake mwenyewe, akauinua.

"Sikuondoka, mzee."

Fuko akageuza uso. "Bi Nungu?"

"Ni mimi."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na nilipokuita, siku tatu nzima, mbona hukunijibu?"

"Nilikujibu," akasema Nungunungu. "Nilikujibu mpaka kucha zikaniuma."

Kisha Nungunungu akaenda mtungini, akachota maji ya baridi, akamwagia mzee yule mguuni mpaka moto ukatulia. Halafu akarudi kwenye kibodi yake. Akang'oa swichi moja tu, ya kile kitufe kinachoshusha mstari chini, akaweka mahali pake swichi moja ya zamani. Akaandika mstari mzima bila mlio. Alipofika mwisho akabonyeza.

Kla.

Digidigi akashtuka. Komba akafumbua macho. "Nini hicho?"

"Ni mimi, Bwana Mkuu. Nimemaliza mstari."

"Nilikwambia unyamaze."

"Nimenyamaza mstari mzima. Mlio mmoja mwishoni naomba niachiwe. Ukiniambia niende banda la kuni, nitakwenda. Lakini siandiki tena kama maiti."

Komba akafungua kinywa kumtuma bandani. Fuko akamtangulia.

"Akienda bandani," akasema, "birika nalo linakwenda bandani. Hapa ndani sina wa kunionyesha ukuta."

Komba akafikiri. Alifikiria banda, akafikiria chai, akafikiria tangawizi. "Mlio mmoja kwa mstari," akasema, "na mistari iwe mirefu." Akalala.

Fuko akaenda kwenye rafu akichechemea, akapapasa, akakipata kikombe kilichoinamishwa. Akakisuuza vumbi. Akarudi mpaka mbele ya mkeka, akasimama, ingawa sasa alijua fika.

"Nani yupo hapa?"

Kla.

"Kunywa, Bi Nungu."

Msidhani mambo yote yalipona. Komba hakuuinua ule mkeka mpaka kufa kwake, na Digidigi bado alikuwa akiitolea macho kona ile. Nyumbani Nungunungu aliendelea kupiga chafya bila wa kumwambia "afya". Lakini kila mwisho wa mstari alijua kuna sikio moja linalomhesabu katika waliopo, naye akaimba wimbo wake kwa namna nyingine:

*Nipo, nipo, nyuma ya mkeka,*
*mwenye birika kanisikia, kikombe kaweka.*

Funzo lake ni hili. Ukikaa na wenzako punguza kelele, ndiyo adabu. Lakini usijipunguze mpaka mwenye birika akupite. Nawe uliye upande wa pili, mwenzako akinyamaza, usiitamani kona yake. Inua mkeka kwanza.

Hadithi yangu imefika kizingitini, inavaa viatu. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe. Na mimi nikinyamaza hivi msidhani nimeondoka. Ni koo tu limekauka. Nani kati yenu ana birika?