Tabibu wa Vibuyu Viwili

Mwaka ambao mvua iliisahau nyika, visima vyote vilikauka isipokuwa kimoja, na hicho, kama ilivyo desturi ya vitu vizuri, kilikuwa mali ya Mfalme Simba. Maji machafu ya madimbwini yakaleta maradhi. Simba akaajiri matabibu wawili wa kutibu familia za wanyama: Bwana Fisi na Bi Sungura. Ujira ulikuwa maji. Kila juma Fisi alipewa vibuyu vitano, Bi Sungura viwili.

Bi Sungura alikuwa na watoto sita. Vibuyu vyake viliisha siku ya nne, na siku tatu zilizobaki watoto walilamba umande. Asubuhi moja akaenda kuuliza.

"Mheshimiwa Mfalme, kwani kazi yetu si moja?"

"Ni moja," akasema Simba, huku akichana manyoya ya shingo yake kwa kucha. "Lakini Fisi ni mwanamume. Ana familia ya kutunza."

Fisi hakuwa na mke wala mtoto. Hata mama yake mzazi alishamhama. Bi Sungura akalitaja jambo hilo kwa adabu.

"Basi iko siku atakuwa nayo," Simba akajibu. "Tena yeye hutibu wagonjwa arobaini kwa siku, wewe wanane. Hesabu haina upendeleo, mama."

Hesabu kweli haikuwa na upendeleo. Mwenye upendeleo alikuwa Fisi, aliyesimama kila asubuhi mbele ya foleni akichagua wagonjwa kama achaguavyo minofu. Wenye mafua na mikwaruzo alijiwekea. Vikongwe, wajawazito na wale wanaoanza kulia kabla hawajaketi, aliwasukuma upande wa pili. "Nendeni kwa mama, ana moyo laini."

Mgonjwa wa Fisi hakuwahi kumaliza sentensi. "Homa. Tafuna mwarobaini. Rudi baadaye." Naye alirudi, kwa kuwa hakupona, na kila kurudi kwake kulihesabiwa kuwa ni mgonjwa mpya. Bi Sungura aliuliza mtu amekunywa wapi, amekula nini, nani mwingine anaumwa nyumbani. Wagonjwa wake walipona, wasirudi tena, jambo lililomharibia hesabu vibaya sana.

Kisha Simba mwenyewe akaugua kichwa. Akamwita tabibu wa vibuyu vitano, maana mfalme hatibiwi na wa bei rahisi. Fisi akasimama mlangoni, kwani mdomo wa Simba si mahali ambapo fisi hupenda kuchungulia.

"Homa," akasema. "Tafuna mwarobaini."

Siku ya tatu shavu la Simba lilikuwa limevimba kama kichuguu. Ndipo akaitwa Bi Sungura. Alipomwona mfalme anaugulia, alimwonea huruma kidogo, na akafurahi zaidi ya kidogo.

"Nitibu," Simba akanong'ona.

"Kwa heshima zote, Mfalme, mimi ni tabibu wa vibuyu viwili. Vibuyu viwili hutazama nusu ya mdomo tu. Nitazame upande wa kulia au wa kushoto?"

Simba akamkazia macho. Bi Sungura akangoja, mikono kifuani. Kitu ndani ya shavu kikapiga kama ngoma.

"Vitano," akasema Simba. "Tazama pande zote."

"Na vile nilivyopunjwa miezi hii mitatu ya kazi?"

"Navyo. Tazama, nakuomba."

Akamuuliza alikula nini kabla ya kuumwa. Pundamilia, akajibu, mwenye mifupa mikorofi. Bi Sungura akaingiza kichwa katikati ya meno yale, kwani kazi ni kazi. Kipande cha mfupa kilikuwa kimejichimbia kwenye shina la gego lililooza. Akakizungusha, akakivuta, gego likatoka nacho.

Fisi akaitwa. "Gego hili hukuliona?"

"Siku ile nilikuwa na wagonjwa arobaini, Mfalme."

"Waje."

Wakaja nyumbu wanane, familia moja, wote wangali wanaumwa. Mama Nyumbu akaeleza kwamba Fisi huwapitisha mbele yake mara tano kila siku, na kwamba hajawahi kuwauliza wanaumwa nini.

Fisi akapokonywa vibuyu, akaamriwa kuwahudumia nyumbu hao bila ujira mpaka wa mwisho apone. Kazi hiyo ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa safari hii ilimbidi awasikilize.

Simba akatangaza mbele ya wanyama wote kwamba malipo sawa yalikuwa wazo lake tangu mwanzo. Bi Sungura hakubisha. Alikuwa amewaita watoto wake sita kisimani wamsaidie kubeba vibuyu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.