Ngiri, Surua na Mchakamchaka

Nifungue mdomo?
Fungua!
Mkisinzia je?
Tumwagie maji!
Nikidanganya je?
Danganya vizuri!

Haya. Sogeeni, na wewe mwenye kutafuna, tafuna kimyakimya.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao bondeni. Msinitolee macho, shule kweli kabisa, yenye kengele ya rimu la lori na bustani ambayo kila mtoto alikuwa na mche wake wa kumwagilia. Asubuhi ungewaona wanakuja, huyu na ufagio, huyu na kidumu cha maji, huyu na kuni kichwani, umande unawalowesha miguu mpaka magotini. Ah, asubuhi zile! Siku hizi mtoto anabeba begi linalomzidi kimo, ukimpa ufagio anakuuliza ni wa nini.

Mwalimu wa darasa la kwanza alikuwa Kindi. Mwili kiganja, mkia dhiraa, na sauti ya kufika ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyeongoza mchakamchaka. Kabla ya masomo shule nzima ilijipanga na kukimbia kijiji kizima, puu! puu! puu!, mlango kwa mlango, Kindi anaimba mbele na watoto wanaitikia nyuma. Mama aliyekuwa bado kitandani aliposikia puu! puu! puu! alijua amechelewa kuwasha moto.

Zamani Mwalimu Mkuu alikuwa Mzee Kobe. Ugonjwa ukiingia shuleni, Mzee Kobe alikwenda mwenyewe kuwaambia wazazi, nyumba kwa nyumba. "Hodi! Shuleni kuna surua." Anakaribishwa, anakunywa kahawa, anasimama, anaondoka, pole, pole, pole. Alipofika nyumba ya mwisho mgonjwa alikuwa ameshapona na anacheza mpira. Lakini watu walimpenda, basi tu. Wakazoea kwamba habari za ugonjwa wa shule ni za kusikia kinywani mwa Mkuu mwenyewe. Mwingine akisema, umbea huo.

Mzee Kobe akastaafu, akaja Ngiri. Shingo nene, meno nje, tumbo mbele. Kila Jumatatu kila mtoto alileta kibaba cha mahindi kwa ajili ya uji wa shule. Uji ukiiva, watoto walipewa ule wa juu, maji matupu. Ngiri alipiga magoti mbele ya sufuria akashughulika na ule wa chini. Nyafu! Nyafu! Nyafu!

Siku moja mtoto wa Ngedere akaja macho mekundu, anakohoa, kho! kho!, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. Kesho yake mtoto wa Pundamilia naye. Kindi akakimbia ofisini.

"Shikamoo, Mkuu. Ni surua. Tuwaambie wazazi."

"Marahaba. Surua gani? Hilo ni joto."

"Mkuu, vipele hivi navijua."

"Wazazi wakisikia surua watawafungia watoto ndani. Mtoto asipokuja, kibaba hakiji. Kibaba kisipokuja, mimi nile nini? Chaki? Mwalimu atakayefungua mdomo, nitamng'oa mkia!"

Kindi akaushika mkia wake. Lakini moyo haukukaa. Kwenye dawati la mtoto wa Ngedere alikuwa anakaa Chiku, binti wa Digidigi, na Mama Chiku alikuwa na kichanga ndani, hata kitovu hakijaanguka. Chiku kila jioni alikuwa anakibeba na kukibusu. Kindi hakulala kwa kukiwaza kichanga kile.

Jioni ya siku iliyofuata akapita kwa Mama Chiku, akasimama nje ya ua.

"Mama Chiku, shuleni kuna surua. Mtenge Chiku na mdogo wake."

"Mwalimu, mbona Mkuu hajaja kutuambia?"

Na Mama Chiku, jamani, akatoka mbio kwenda kumuuliza Mkuu! Ngiri akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kindi huyo? Anataka cheo changu. Shule salama, mama, nenda kapike." Mama Chiku akarudi ametulia. Kesho yake Ngiri akamwambia Kindi, "Mara hii nimekusamehe. Mara nyingine, mkia!"

Kindi akakaa juu ya tawi akafikiri. Mimi nikisema, umbea. Lazima aseme Mkuu mwenyewe. Na huyu hasemi. Lakini je, hajisifu?

Akashuka, akaenda ofisini ananyenyekea.

"Mkuu, naona aibu. Mchakamchaka wetu unasifu jua, unasifu mto, hausifu Mkuu."

Masikio ya Ngiri yakasimama. "Enhe?"

"Nimekutungia wimbo. Ila sauti yangu nyembamba. Kuitikia kunataka sauti nzito, ya mtu mzima."

"Yangu?"

"Ipi nyingine, Mkuu? Mimi nitauliza nani, nani. Wewe jibu: ni mimi! Watoto watapokea: ni yeye!"

Usiku Ngiri akajizoeza mbele ya kioo. Ni mimi! Ni mimi! Asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye mstari, mkia umesimama wima. Puu! puu! puu! wakaondoka.

"Nani mwenye meno makali?"
"Ni mimi!"
"Ni yeye!"
"Nani mwenye shingo nene?"
"Ni mimi!"
"Ni yeye!"

Mnajua mchakamchaka ulivyo. Nyie hamjui, lakini sisi tuliokimbia tunajua. Vumbi linapanda, jua linachomoza, miguu ikishaingia kwenye mdundo, mdomo unaitika wenyewe, hauulizi kichwa. Kindi akaongeza mwendo. Puupuu! puupuu!

Kwa Pundamilia: "Nani anayekula uji mzito?"
"Ni mimi!"
"Ni yeye!"
Kwa Ngedere: "Nani anayesema joto, joto?"
"Ni mimi!"
"Ni yeye!"

Wakafika kwa Mama Chiku. Alikuwa anatwanga, kichanga kimelala mkekani kando yake. Kindi akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo.

"Nani anayejua kuna surua?"
"NI MIMI!"
"Ni yeye!"
"Nani anayewaficha wazazi?"
"NI MIMI!"

Mchi ukakwama hewani. Mama Chiku akauliza, "Nani kasema?" Kijiji kizima kikajibu, "Mkuu! Mkuu mwenyewe!"

Ngiri alikimbia hatua nyingine kadhaa, mkia juu, kabla maneno yake hayajamfikia. Nyuma yake hakuna mtoto. Kila mzazi alikuwa ameshamshika wake. Mama Chiku alimpeleka Chiku kwa bibi yake saa ileile, bila hata kumbadilisha sare. Na kweli, baada ya siku chache Chiku akatoka vipele hukohuko kwa bibi, akaugua, akalia, akapona. Kichanga hakikupata hata kipele kimoja. Kindi alipoambiwa, alilia kama mtoto.

Ngiri je? Siku ile alimfukuza Kindi mpaka chini ya mti. "Shuka nikung'oe mkia!" Kindi akasema, "Panda uung'oe, Mkuu." Ngiri akarudi ofisini, akakuta sufuria la uji wa watoto wote, na vikombe vyao ambavyo havijaoshwa, hata cha mtoto wa Ngedere. Akapiga magoti. Nyafu! Nyafu! Akalamba mpaka kikombe cha mwisho.

Hamjasikia bado. Siku kadhaa baadaye, shule kimya, miche ya watoto inakauka, Kindi akasikia sauti dirishani pa ofisi. Kho! kho!

"Kindi, mwenzangu. Nimetoka vipele. Tafadhali usimwambie mtu yeyote."

"Mkuu, mimi? Siwezi kusema."

Na kweli hakusema. Alfajiri akashika njia peke yake, miguu midogo, pu! pu! pu!, kwenye umande, njia ile waliyozoea kukimbia wote. Akaimba: "Nani ana surua ofisini?"

Kwenye nyumba moja baada ya nyingine, nyuma ya milango iliyofungwa, sauti za watoto wenye homa zikaitikia: "Ni yeye!"

Na mbali bondeni, ofisini, chini ya blanketi, kabla mwenyewe hajajizuia: "Ni mimi..."

Basi, watoto, funzo ndilo hili: mtiini Mwalimu Mkuu, akisema msiseme, msiseme. Na muogopeni sana mchakamchaka, una madhara makubwa kwa afya ya viongozi. Ndiyo maana siku hizi hawaukimbizi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, sukari nimetia mimi. Ikiwa chungu, mmeionja vibaya.