Kebo Juu ya Malisho ya Vinzenz

Kuna watu ambao walichonacho hukiona kikuukuu, na cha mgeni huwang'aria machoni kabla hawajakigusa. Vinzenz Thaler, mkulima wa Obergrub katika milima ya Austria, alikuwa mmoja wao, na la kusikitisha ni kwamba hakuwa mjinga.

Obergrub ilikuwa na mteremko mmoja wa kutelezea kwenye theluji na mtambo mmoja wa kamba wa kuwavuta watelezaji hadi juu. Mwenye mtambo, jirani yake Korbinian, aliuendesha kwa kuungaunga. Ng'ambo ya bonde, kampuni ya Silberkar ilikuwa na mitambo ishirini na mashine za kutengeneza theluji, na wageni walijaa huko kama siafu. Korbinian alibakiwa na wanakijiji, watoto wa shule na wazee waliochoshwa na foleni. Lakini hao hao ndio walioteremka na njaa zao hadi mgahawa wa Kreszenz, mke wa Vinzenz, kula supu ya matonge ya mkate. Nyumba yao iliendeshwa na supu hiyo.

Mteremko ulipita katika malisho ya Vinzenz. Kila vuli Korbinian alikuja na chupa, wakanywa, wakapeana mikono, na ruhusa ya majira ya baridi ikawa imetoka. Hawakuwahi kuandikiana karatasi.

Mwaka mmoja mjumbe wa Silberkar alimtangulia Korbinian. Alitandaza mchoro na mkataba mezani.

"Kebo yetu ya kubebea watu angani itavuka hapa, Bwana Thaler. Kituo tutakijenga mlangoni penu. Wageni elfu kwa siku."

"Na Korbinian?" aliuliza Kreszenz, akikata mkate.

"Huyo amekwisha, mama. Sijui kama mnataka kuzikwa naye."

Vinzenz alicheka. Mkewe hakucheka.

"Soma kwanza, mume wangu. Wewe hata dawa ya ng'ombe husomi maelezo yake."

"Mchoro nimeuona," alijibu, akatia sahihi.

Korbinian alipofika na chupa yake, Vinzenz alimwambia akitazama dirishani, "Safari hii haiwezekani." Jirani aliiweka chupa mezani.

"Haya. Kunywa tu, nilikuletea wewe," alisema, akaiacha chupa na kuondoka. Kabla ya theluji kuanguka, mtambo wake uling'olewa ukauzwa kama chuma chakavu.

Kiangazi kilichofuata nguzo moja ndefu ilisimikwa malishoni. Kila Vinzenz alipouliza habari za kituo, mafundi walimjibu kwamba kituo hujengwa mwisho. Aliamini, kwa kuwa alitaka kuamini.

Siku ya kufunguliwa kebo, Desemba, Vinzenz alivaa kofia ya kanisani na Kreszenz akapika sufuria tatu. Vibanda vya kebo vilitokea bondeni vimejaa watu, vikaja mpaka kwenye nguzo, vikapita juu ya paa la mgahawa na kuendelea mlimani. Kreszenz alitoka na upawa mkononi.

"Hawa wanashukia wapi?"

Vinzenz alipiga simu Silberkar, na mwanamke mwenye sauti ya upole akamsomea mkataba: kituo kingejengwa kampuni itakapoona kinafaa. Kampuni ilikuwa haijaona hivyo.

"Basi nitamwambia Korbinian arudishe kamba yake," alisema.

"Kifungu kinachofuata, bwana, kinakataza mtambo mwingine wowote kwenye ardhi hiyo kwa miaka thelathini. Hapa chini kuna sahihi yako."

Vinzenz aliketi pale pale kwenye theluji. Hakuhisi baridi. Aliogopa, kwa sababu ndipo alipoelewa kwamba riziki ya mkewe na ya jirani yake alikuwa ameiua kwa mkono wake mwenyewe, tena akicheka. Kreszenz alirudi jikoni, akazima moto chini ya sufuria zote tatu.

Wahenga hawakuwahi kuona theluji, lakini Vinzenz walimjua: usiache mbachao kwa msala upitao.