Pikapu ya Mkunga na Kiti cha Mbele

Hapo zamani, zamani za juzijuzi tu, palikuwa na gereji mjini Lindi, karibu na bahari, mahali ambapo hewa ya chumvi hula bati kama mchwa alavyo mti. Mafundi walikuwa watatu. Mzee Mkwachu alinyoosha bodi. Likwata alipiga rangi. Somoe, mwanamke wa maneno machache, alichagua na kuchanganya praima, ile rangi ya chini inayolishika bati, na puti ya kujazia mabonyeo.

Siku moja Bi Nambole, mkunga mstaafu, akaleta pikapu yake. Kwa miaka thelathini ilikuwa imewakimbiza wajawazito hospitalini. Nusu ya mji waliipanda kabla hawajazaliwa. Sasa milango ilitoboka kwa kutu na ubavu ulibonyea kama sufuria ya shughuli. Gereji mbili zilishamwambia aiuze chuma chakavu.

"Nitengenezeeni," akasema. "Lakini siichukui mpaka masika yainyeshee, nje, bila turubai."

Mzee Mkwachu akaziba matobo kwa bati jipya, kisha akashika nyundo.

"Mzee, si tujaze puti tu?" Likwata akauliza. "Nani ataona?"

"Puti nene hupasuka, mwanangu."

Akagonga siku ya kwanza. Akagonga ya pili. Akagonga hata ya nne, ubavu ukanyooka, pakabaki pa kupaka puti nyembamba kama ganda la kitunguu.

Siku hizo Somoe alikuwa msibani, kijijini Mchinga. Likwata, kwa haraka zake, akapiga praima ya kawaida, ile ikaukayo upesi, na juu yake akapaka puti. Somoe aliporudi, akaiona kazi ile. Hakugomba. Alilowesha kitambaa kwa thina, maji ya kuyeyushia rangi, akasugua ukingoni mwa puti. Praima ikayeyuka, kitambaa kikawa kijivu.

"Hii haina mshiko," akasema. "Itabanduka, na puti itaifuata. Tupige ile ya kuchanganywa na dawa yake ya kukaushia. Ikishakauka, thina haiing'oi, na maji hayalifikii bati."

"Dada Somoe, gari zima? Nani atakwangua?"

"Mimi."

Akaanza. Likwata akamtazama, uso umemshuka, kisha akamfuata. "Nipe hicho kikwanguo. Aliyekosea ni mimi."

Akakwangua siku ya kwanza. Akakwangua ya pili. Akakwangua hata ya nne, viganja vimechubuka, bati likang'aa tupu. Somoe akachanganya praima yake, akapiga, ikakauka. Likwata akapaka puti upya, akaipulizia vumbi la rangi nyeusi, akapiga msasa. Kila weusi ulipogoma kutoka, hapo palikuwa na kishimo. Akakiziba, akasugua tena. Ndipo akapiga rangi, nyeupe pe!

Masika yakaja. Mvua ikanyesha wiki, ikanyesha mwezi, chumvi ikavuma kutoka baharini. Ilipoanuka, Bi Nambole akapitisha kiganja ubavuni, mlangoni, chini kabisa ambako kutu hupenda kujificha. Hapana ufa. Hapana lengelenge. Akapiga kigelegele, mtaa mzima ukamwitikia! Somoe, ambaye hakuwa mtu wa kulia, akalia.

"Kesho ninaingia nayo hospitalini," Bi Nambole akasema. "Wakunga wote watatoka kuipokea. Mbele pana viti viwili tu. Mmoja wenu atakaa nami."

Mzee Mkwachu akasema, "Ni mimi. Bila nyundo yangu mngeijaza puti kama kiraka cha udongo, na leo ingekuwa imepasuka."

Likwata akasema, "Ni mimi. Nilikosea, lakini nilivunja kazi yangu mwenyewe kwa mikono yangu. Na uso huu mnaoushangilia niliusugua mimi."

Somoe akafuta machozi. Maisha yake yote kazi yake ilifunikwa na rangi ya wengine. "Ni mimi," akasema. "Nisingesimamisha kazi ile, nyundo ya mzee na msasa wa Likwata vyote vingebanduka na mvua ya kwanza."

Bi Nambole akafungua mlango wa abiria, akawatazama mmoja mmoja.

Haya, mliosikiliza, semeni nyinyi. Je, nani alistahili kukaa pale?