Daraja la Mto Lwika

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kitawaudhi, maana hata mimi bado kinaniudhi.

Walikuwako wahandisi watatu katika ofisi moja. Sikudhani Mapunda alijaliwa jicho: kosa lililowapita wenzake, yeye aliliona. Festo Haule alijaliwa mkono: kwa kuchora na kukokotoa hakuna aliyemfikia. Batuli Ngonyani alijaliwa ujasiri: hakumwogopa bosi wala mgeni rasmi.

Ofisi yao ilipewa kazi ya daraja la waya, watu wa Mkandamo wavuke Mto Lwika kwenda zahanati. Hesabu zilipigwa na kompyuta. Kompyuta haioni daraja zima. Hulikata vipande vidogo vilivyoshonana kama wavu, kisha hukokotoa kipande kimoja kimoja. Vipande vikiwa na umbo zuri, jibu linaaminika. Vikivutwa vikawa vyembamba kama sindano, kompyuta hujibu vilevile, ila inadanganya.

Aliyeushona wavu huo ni Festo. Bosi wao, Mhandisi Kalinga, alimsimamia kichwani: "Maliza! Mgeni rasmi ameshaalikwa!" Kompyuta ikaonya kwamba kuna vipande vibovu. Festo akalipuuza onyo. Jibu likatoka kwamba daraja ni imara, likajengwa.

Sikudhani alikuwa kwenye kazi nyingine. Aliporudi, aliufungua ule wavu akaukagua. Pale kibano kinaposhika waya juu ya nguzo, vipande vilikuwa vimebanwa, vimepinda. Akaenda kwa Kalinga kwa hasira.

"Mzee, hesabu hii ni ya uongo."

"Kompyuta imeshajibu. Unataka nini tena?"

"Kompyuta hujibu hata ukiilisha takataka!"

"Toka ofisini mwangu!"

Sikudhani akakitupa kitambulisho chake mezani, akaenda zake kwao. Hakurudi.

Festo aliyasikia yote. Kwanza alimchukia Sikudhani kwa kumwaibisha. Kisha akaufungua wavu wake, akaona aibu ni yake mwenyewe. Akavishona upya vipande vya pale kwenye kibano, vidogo na vyenye umbo zuri, akakokotoa. Akavipunguza zaidi, akakokotoa tena. Mara zote mbili jibu likawa moja. Watu wakijaa darajani, kibano kitakatika. Akamfuata Batuli.

"Kamwambie bosi wewe. Mimi nina watoto."

"Na watakaovuka hawana watoto?" Batuli alifoka. Lakini akaenda.

Kalinga hakumsikiliza. Siku ya uzinduzi Batuli akasimama mdomoni mwa daraja, mikono ameitandaza. Hesabu za wavu hakuzijua, kazi yake ilikuwa zege. Alimwamini Festo tu. Watu waliovaa nguo za sikukuu wakamzomea. Mmoja akamtupia tope.

"Umefukuzwa kazi! Ondoka!" Kalinga akanguruma.

"Nimefukuzwa, lakini siondoki. Tangulizeni mifuko ya mchanga kwanza!"

Mgeni rasmi akaona haya, akakubali. Mifuko ikavutwa kwa kamba hadi daraja likajaa. Kibano kikalia, kikakatika. Daraja likajikunja na kuzama mtoni, mifuko na yote. Waliokuwa wakizomea wakamgeukia Kalinga, na polisi wakamwondoa kwa shida.

Daraja jipya lilipokamilika, kijiji kikaamua liitwe kwa jina la mtu mmoja kati ya wale watatu. Wakaitwa mkutanoni. Msidhani walipeana mikono.

"Bila jicho langu mngezika watu," Sikudhani alisema.

"Uliona, ukanuna, ukaenda kulala kwenu!" Batuli akamjibu. "Aliyepakwa tope ni nani?"

"Ungezuia nini bila hesabu yangu?" Festo akauliza.

"Hesabu yako ndiyo iliyotaka kutuua!" Bi Akwina, ambaye binti yake angekuwa wa kwanza kuvuka, alipiga kelele kutoka nyuma. Mzee mmoja akamkatiza: "Lakini alilisahihisha kosa lake mwenyewe. Wangapi hufanya hivyo?"

Mkutano ukavunjika kwa matusi. Hadi leo watatu hao hawasalimiani, na daraja halina jina.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, fundi wa maandishi anasubiri na rangi yake. Aliyeona akaondoka, aliyekosea akasahihisha, au aliyesimama bila kujua hesabu: mngemwambia aandike jina la nani?