Zimwi Lililotembea Ndani ya Ngurumo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama kuku wenye kideri. Tena.

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho.

Palikuwa na zimwi. Halikuwa na nyumba, halikuwa na mke, na chakula chake lilichokipenda kuliko vyote ni mtoto mchanga. Zimwi hilo lilitembea ndani ya ngurumo. Ngurumo ikivuma, linatembea. Ngurumo ikivuma, linasema, tena kwa sauti ya mtu yeyote linayemtaka. Ngurumo ikinyamaza, linasimama pale pale lilipo, hata kama mguu mmoja uko hewani, na jicho haliwezi kulipepesa.

Na lilikuwa na adabu, msicheke. Haliingii nyumba ya mtu bila kukaribishwa. Linapiga hodi mara tatu, kama mlivyofunzwa ninyi mkasahau. Lisipoitikiwa, linakwenda zake. Waliosema karibu wameliwa wote, na walikuwa watu wa adabu sana.

Sasa, huko mlimani palikuwa na msichana, jina lake Kidawa. Mamake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, arobaini haijatimia, na homa imemshika hata kuinuka hawezi. Babake ameteremka bondeni tangu asubuhi kutafuta dawa ya homa hiyo. Jua likazama, hakurudi. Wingu likafunga, hakurudi. Usiku ukaingia, hakurudi.

Basi ngurumo zikaanza. Mvua yenyewe haikuwa mvua ya kueleweka. Inanguruma, inanyamaza. Yanaanguka matone juu ya nyasi za paa, yanakoma. Unasema imepita, unaisikia nyuma ya nyumba. Kidawa akafunika maji, akatia komeo, akakaa na mtoto mapajani karibu na kile kijinga cha moto kisichozimwa nyumba ya mzazi hadi arobaini itimie.

Homa ya mamake ikapanda. Akawa anamwita dada yake aliyekwisha kufa, anamwambia asogee, kitanda ni kikubwa. Kidawa akajua dawa isipofika usiku huo, kukicha yeye ndiye atakayekuwa mama wa yule mtoto.

Ngurumo ikavuma. Kuta zikatetemeka, na ndani ya kule kuvuma ikaja sauti ya babake, babake kabisa, na kikohozi chake.

"Hodi."

Kidawa mdomo ulikwisha kufunguka. Amelelewa, maskini; hodi ikipigwa, karibu inamtoka yenyewe kama chafya. Lakini ngurumo ikanyamaza na ile sauti ikakatika. Hakuna hatua, hakuna kikohozi. Mtu gani anaachwa mlangoni asigune? Kidawa akalikumbuka zimwi, akaimeza karibu yake.

Ngurumo ikavuma mara ya pili.

"Hodi. Mwanangu, naloa. Dawa ninayo."

Mamake akafumbua macho, akamwambia amfungulie baba mtu, ameona wapi mwenye nyumba anaachwa mvuani. Kidawa akajibu kwamba atafungua, ila kwanza anangoja ngurumo inyamaze. Mamake akamwambia, "Homa ninayo mimi, lakini anayeweweseka ni wewe."

Ngurumo ikanyamaza. Kisha ndani ya kimya kile, kutoka migombani, mtu akasema polepole:

"Kidawa. Limesimama mlangoni. Ukifungua sasa hivi nitapita."

"Baba?"

"Nani tena? Kila siku nakwambia paka mafuta komeo hilo. Leo nitajua kama ulinisikia."

Mamake, kusikia baba wawili, akamkataza asifungue.

"Mama," Kidawa akasema, "ngurumo imenyamaza, na huyu anasema."

Basi Kidawa akamlaza mtoto, akavuta komeo, akafungua.

Hapa ninyi tulieni.

Umeme ukamulika mbali, bila sauti. Mguu mmoja ulikuwa kulia kwa mlango, mguu mmoja kushoto, kila mmoja mnene kuliko ghala la mahindi, manyoya yamelala kwa maji kama majani ya mtoni. Kidawa akainua macho. Magoti yalikuwa juu ya paa. Kiuno kilikuwa juu ya miti. Mkono ulikuwa umenyoshwa kuja mlangoni, kiganja wazi, na ndani ya kiganja ndege wadogo wamejikinga mvua, wamelala. Juu ya hapo ni wingu, na ndani ya wingu macho mawili yanamtazama, hayapepesi.

Kidawa alisahau kuogopa. Alitazama tu, kama mtu wa mlimani anayeiona bahari kwa mara ya kwanza.

Babake akatoka migombani, dawa ameifunga kwenye jani, akainama, akapita chini ya lile zimwi. Alikwenda kwa kunyata, maana ngurumo ile ingeweza kurudi yeye akiwa katikati. Tone moja likadondoka kutoka gotini pa zimwi, likampiga mgongoni, akaanguka kifudifudi. Tone moja tu. Kidawa akamkamata mkono, akamburuta ndani kama gunia, akasukuma komeo. Likateleza. Alikuwa amelipaka mafuta.

Ngurumo ikavuma mara ya tatu. Vyungu vikaanguka.

"Hodi," ikasema sauti ya baba mtu.

Na baba mtu mwenyewe, amekaa sakafuni, maji yanamtoka masikioni, akafungua mdomo. "Ka..."

Kidawa akamsokomeza mdomoni kifurushi cha dawa, na jani lake. Ilikuwa chungu hata machozi yakamtoka. Ile karibu haikutoka.

Wakangoja. Mtoto hakulia. Nje pakasikika pumzi ndefu, kama upepo unaoingia pangoni. Kisha hatua moja, nyumba ikaruka. Hatua nyingine, huko bondeni. Hatua nyingine, nyuma ya mlima. Ndipo mvua ya kweli ikashuka.

Mamake alikunywa dawa iliyosalia. Alfajiri jasho likamtoka, akaomba uji, akasema hauna chumvi. Hapo wakajua amepona. Na uani palikuwa na unyayo umejaa maji. Ng'ombe wa kijiji wakanywa humo kiangazi chote, usikauke.

Hadithi yangu nimeifunga hapo, na komeo nimetia. Funzo lake ni hili: hodi ikipigwa usiku, sikiliza kwanza, adabu itakungoja. Na komeo lipakwe mafuta kabla ya wingu kufunga.