Vigae vya Mgongoni mwa Kakakuona

Wajukuu zangu, kabla sijaanza niungame. Mama yangu alipolala kitandani akiumwa, mimi nilikuwa nazunguka chumbani nikiangalia vitu vyake: kitenge kipi kitabaki, bakuli lipi, nani atapewa nini. Aliomba maji nami sikumsikia. Nimetubu mbele ya Mungu, na bado naogopa.

Sasa sikieni. Hapo zamani Kakakuona alikuwa na ngozi laini kama shavu la mtoto mchanga, wala hakujua kujikunja. Aliishi nyikani na mwanawe mmoja, katika nyumba iliyojaa vyungu alivyoachiwa na mama yake, na bibi yake, na mama wa bibi yake.

Kiangazi kimoja upepo ukaleta harufu ya moto. Mhanga, ambaye kazi yake ni kuchimba, akachimba shimo refu, akawatangazia majirani kwamba kila nyumba ilete kitu kimoja tu akifukie, ili watakaozaliwa baadaye wajue walitoka kwa nani. Kisha wote wakimbilie ng'ambo ya mto.

Nungunungu alileta kinu. Digidigi alileta shanga za mkwewe. Kakakuona alifika na mtungi wa mama yake, akautazama, akaurudisha. Akaja na chungu cha bibi, nacho akakirudisha. Aliogopa kwamba yule ambaye chombo chake kitaachwa atamlaani.

"Shoga, unahamisha soko?" Nungunungu akamcheka.

"Cheka tu. Mwenye kinu kimoja atajua nini?"

"Shemeji, nafukia!" Mhanga akapaza sauti. "Moto huo!"

"Ningoje kidogo, shemeji."

Hakungoja. Alifukia, na wote wakakimbia.

Mtoto wa Kakakuona alikuwa ameketishwa mlangoni. "Mama, macho yananiwasha."

"Nakuja, baba."

"Mama, naogopa."

"Si nimesema nakuja!"

Alipotoka, amekumbatia chungu kila mkono, hakumwona mtoto. Moshi ulikuwa umejaa uani, na nyasi za paa zinalia kama mafuta kikaangoni. Akaita. Kimya. Hofu iliyomshika hapo, wanangu, msiombe iwafike. Vyungu vikamponyoka. Akapapasa chini mpaka akagusa kimguu, akamvuta mwanawe kifuani, akajikunja juu yake, akafumba macho na kumwomba Mungu. Nyuma yake nyumba ikawaka, vyungu vyote vikapasuka, na vigae vikamrukia mgongoni, vikaganda kwenye ngozi iliyokwisha kulainika kama nta.

Asubuhi majirani wakarudi, wakakuta donge jeusi. Nungunungu akaangua kilio. Mhanga akaligusa, likamuunguza kidole. Ndipo donge likafunguka taratibu, na mtoto akatoka, hana hata lengelenge.

Na tangu siku hiyo kakakuona akiogopa hujikunja, mwanawe katikati, na akitembea humbeba juu ya mkia ili amsikie anavyopumua. Shimoni hakutia kitu. Lakini kila mtoto wa ukoo ule huzaliwa na vigae vya bibi zake mgongoni, laini kwanza, kisha hukauka vikawa vigumu.

Siku hizi watu wanamwinda kwa ajili ya vigae hivyo. Nawaombeni kitu kimoja: mkimkuta njiani amejikunja, msimkunjue. Piteni.